Shikamoo kwa Mdogo Wake

Baba mkwe wangu hakula chakula nilichopika mimi kwa miaka yote ya mwanzo ya ndoa yangu. Nimezaliwa kisiwani Bumbire, kwa wavuvi, na yeye alikuwa mzee wa kanisa huku Kaagya, msomaji wa masomo ya Jumapili. "Wanawake wa visiwani," alikuwa akisema, na kuishia hapo. Nikimwekea ndizi mezani, alimwita binti yake ampikie nyingine.

Mume wangu alinieleza sababu siku moja tukipalilia kibanja, shamba letu la migomba. Baba alikuwa na mdogo wake wa kike aliyekwenda visiwani kufanya biashara ya dagaa. Alirudi mgonjwa, amekonda, akasimama uani akiomba alale hata jikoni. Baba aliogopa watu wa jumuiya ya kanisani wasije wakamwona, akamfukuza. Yule dada alifia Muleba kwenye chumba cha kupanga, akazikwa na majirani.

Baadaye baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukapooza, mdomo ukapinda. Binti yake alikuwa ameshaolewa mbali, nikabaki mimi na bakuli la uji. Siku za kwanza aligeukia ukutani. Kisha mchana mmoja, mvua ikinyesha, akatazama uani, nyuma ya bega langu.

"Mwambie aingie. Analowa."

Niligeuka. Ilikuwa migomba tu, na maji yakichuruzika kwenye majani yake.

"Nani, tata?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa lugha ya kwao.

Alilia bila sauti, kisha akafungua mdomo, nikamlisha. Tangu siku ile alikula mkononi mwangu, lakini macho hayakutoka uani. Mimi nami nikaanza kuogopa kupita pale mvua ikinyesha.

Alipopata nafuu kidogo aliomba apelekwe Muleba. Mume wangu akakodi gari. Njia nzima baba alisali sala ya kutubu, akikwama palepale kwenye kukiri kosa, akianza upya.

Makaburini tulikuta vilima vya udongo vingi, misalaba imeoza, majani yamefunika kila kitu. Majirani waliomzika walikuwa wamehama. Hakuna aliyejua kaburi lake ni lipi.

"Baba, turudi," mume wangu alisema.

"Niwekeni chini."

Tukamketisha kwenye majani yenye maji, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Akajikokota kwa mkono mzima hadi kaburi la karibu.

"Shikamoo, dada. Ni mimi. Nisamehe."

Mtu aliyeamkiwa na kijiji kizima alikuwa anamwamkia mdogo wake. Akasubiri, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza. Kisha akaenda kwenye kaburi lililofuata, akasema yaleyale, akasubiri tena. Mume wangu alitaka kumwinua, nikamshika mkono. Nilitamani kuitikia marahaba ili mzee apumzike, lakini sikuwa na haki hiyo.

Alimaliza safu yote. Tulipomrudisha garini suruali ilikuwa tope tupu, na aliniegemea mimi, si mwanawe.

"Wewe una masikio mazuri, mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Aliitikia?"

Nilimfuta tope usoni kwa ncha ya kitenge changu. Gari likaondoka, na yeye akawa bado ananitazama, anangoja.