Ng'ombe Ukutani na Hesabu ya Kutoa

Mhadhiri wetu chuoni alikuwa na wimbo mmoja: sanaa iingie katika kila somo. Hesabu ichorwe, sayansi iimbwe, Kiswahili kiigizwe. Aliyasema hayo muhula mzima akiwa ameketi, akitusomea slaidi zisizo na picha hata moja. Sikuwahi kumwona akichora wala kumsikia akiimba, na siku nilipomuuliza tutafanyaje hasa, aliniambia nitumie ubunifu wangu.

Ubunifu upi? Mimi nimekulia Noonkopir, pale Kitengela, na katika shule niliyosomea sanaa iliishi kwenye ratiba tu. Kila Ijumaa alasiri, saa ya kuchora ikifika, mwalimu aliingia na vitabu vya hesabu kwapani na kutuambia kwamba mtihani hauulizi maua. Nyumbani nako mama, Mkamba aliyejua bei ya kila daftari, alinigombeza akikuta nimechora hata nyuma ya jalada. Kwa hivyo nilipopelekwa kufanya mazoezi ya ualimu katika shule moja nje ya mji wa Kajiado, nilikuwa nakwenda kufundisha kwa njia ambayo hakuna aliyewahi kunifundisha nayo. Mhadhiri angekuja kunitahini, na nikianguka ningerudia mazoezi yote upya. Jambo hilo lilininyima usingizi.

Nilipewa Gredi ya Tatu, na mada ilikuwa kutoa. Watoto karibu wote walitoka katika familia za wafugaji Wamaasai, nikaona hapo ndipo penye bahati yangu. Kila mtoto angechora ng'ombe wa kwao, angewapaka rangi, tungebandika michoro ukutani, kisha tungefanya hesabu: walikuwa wangapi, wametolewa wangapi, wamebaki wangapi. Sanaa hiyo hapo, hesabu hiyo hapo, maisha ya mtoto hayo hapo. Niliandika andalio la somo huku nikijipongeza, kisha nikanunua karatasi za manila na kalamu za rangi kwa hela zangu mwenyewe.

Mwalimu wa darasa, mama mtulivu aliyezaliwa papo hapo Kajiado, alilisoma andalio langu hadi mwisho.

"Kuchora watachora," akasema, akanirudishia.

Nikadhani ananisifu. Mpaka leo sielewi kwa nini hakunimalizia habari, na nikikumbuka bado nakereka.

Siku ya mtihani mhadhiri alifika mapema akasimama mlangoni, mkono ameunyoosha kusalimia. Watoto wakamwinamishia vichwa, mmoja baada ya mwingine, awaguse utosini kama mtu mzima anavyowasalimu watoto huku. Hakuelewa. Alibaki na mkono wake hewani hadi nilipomwonyesha kiti cha nyuma, akaketi na kufungua faili lake.

Tulianza vizuri kupita nilivyotarajia. Sijawahi kuona darasa limetulia vile. Hapakuwa na ng'ombe wawili waliofanana: huyu mweupe mwenye masikio mekundu, yule pembe moja imevunjika, mwingine nundu imelalia upande. Watoto walichunguliana karatasi na kusahihishana kwa minong'ono. "Huyo wenu ana doa kwa shingo, umesahau." Msichana mmoja wa dawati la mbele alikuwa amejaza karatasi yake yote, na chini ya ng'ombe mmoja wa kijivu akachora ndama aliyeinama kunyonya. Nilimtazama mhadhiri kwa pembe ya jicho. Alikuwa akiandika.

Nikageukia ubao, nikaandika: Ng'ombe walikuwa... Wametolewa... Wamebaki... Nikaacha nafasi za majibu.

"Haya, kila mtu ahesabu ng'ombe wake."

Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Walitazamana, wakanitazama, wakainama. Watoto hawa hawa juzi walikuwa wakishindana kunijibu. Huko nyuma mhadhiri akakohoa. Nikamwendea yule msichana wa mbele.

"Ng'ombe wenu ni wangapi?"

"Ni hawa, teacher."

"Hawa wangapi?"

"Hawa wote."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nikaweka kidole changu kwenye karatasi yake, nikaanza mwenyewe kwa sauti: mmoja, wawili... Akafunika mchoro kwa viganja vyote viwili.

"Hatuhesabangi ng'ombe, teacher. Ukihesabu zinaisha." Kisha akainua kiganja kimoja kidogo, akanionyesha yule wa kijivu na ndama wake. "Hii na hii zilikufa kiangazi. Lakini ni zetu."

Nikageuka nikaona maneno yangu ubaoni: Wametolewa. Nilijisikia vibaya kupindukia. Niliufuta ubao wote, nikawaambia wanisimulie tu kuhusu ng'ombe wao, na mikono ikapaa darasa zima. Kengele ilipolia mikono ilikuwa bado juu.

Mhadhiri aliniita ofisini. "Sanaa nimeiona. Hesabu iko wapi?"

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akipapasa simu yake.

"Mwalimu, hiyo ni culture. Mimi natafuta outcome, matokeo ya somo."

"Si ni wewe ulituambia tulete maisha ya mtoto darasani?"

"Uyalete, lakini yajibu swali." Alinipa alama za kuanguka, akasema atarudi wiki ijayo anipe nafasi moja tu. "Na urahisishe. Usijifanye msanii."

Nilikasirikia kila mtu wiki ile. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mwalimu wa darasa, nikajikasirikia mimi niliyeishi miaka yote ile na majirani Wamaasai Kitengela nisiulize lolote. Lakini karo ilikuwa imelipwa, na mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe anamaliza.

Wiki iliyofuata nilikuja na mfuko wa vifuniko vya soda. Kila mtoto alipewa fungu lake, akavizungushia penseli kwenye karatasi kupata miduara, akaikata mingine kwa alama ya msalaba, akaandika iliyobaki. Walimaliza upesi. Hakuna aliyechungulia karatasi ya mwenzake, hakuna aliyebishana, na karibu wote walipata. Mhadhiri alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanishika mkono.

"Sasa umeelewa integration, kuunganisha sanaa na somo," akasema. Nikapita, tena kwa alama nzuri.

Alipoondoka niliendelea kusahihisha. Yule msichana wa mbele akaniletea karatasi yake. Miduara ilikuwa imepangwa safu kwa safu, misalaba mahali pake, jibu sahihi. Kalamu za rangi zilikuwa wazi mezani tangu asubuhi, na hakuwa amegusa hata moja.

"Mbona hukupaka rangi?"

Akaitazama miduara, kisha akanitazama mimi, kwa upole kabisa.

"Ya nini, teacher? Hizi si za mtu."

Nikamwekea tiki, kwa sababu alikuwa amepata.