Meli ya Neema Ambayo Haikushuka Majini

Nilitoka Luvungi kwa sababu ya meli. Mdogo wangu Neema, anayemaliza shule Uvira akikaa kwa mama mdogo, alipiga simu akilia. Mwalimu wa historia amekataa kazi yake ya kuandika juu ya meli ya vita ya kubeba ndege. Ikikataliwa tena, hatafanya mtihani. Sasa mwalimu anataka kumwona responsable wake, mtu mzima anayemsimamia. Baba na mama walishakufa. Responsable ni mimi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki. Bonde lote la Ruzizi nilijiuliza meli inabebaje ndege.

Saa tatu, Uvira. Sikwenda shuleni kwanza. Neema alisema meli hiyo haikumalizika, nami nilikuwa nimesikia kwamba meli kubwa za ziwa letu zililetwa vipande vipande, zikaungwa ufukweni. Nikashuka Kalundu, bandarini, kutafuta hivyo vipande nimwonyeshe mwalimu.

Fundi mmoja alikuwa anang'oa mbao za boti ambalo halijaisha. Alinicheka.

"Meli ya ndege? Dada, hapa hata kuku anapanda kwa shida! Hiyo iko ya bahari ya Wazungu."

"Na hili boti, mbona unalivunja?"

"Mwenye boti alihama. Mbao zinaingia kwa lile boti lingine pale."

"Basi kazi yako imepotea."

"Ipotee namna gani? Miye nilifanya miezi mbili. Mikono iko inajua."

Saa tano, shuleni. Mwalimu aliweka daftari mezani. "Vita viliisha, wakaivunja kabla haijamalizika. Haikupigana popote. Hiyo ni historia gani?"

Neema aliinamisha kichwa. Mimi, niliyeacha shule mwaka wa tano wa msingi, nikauliza: "Mwalimu, walioijenga walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Chuma chao kilienda wapi?"

Mwalimu alimtazama Neema. Neema hakujua. Mwalimu naye hakujua.

"Weye Neema, tafuta hayo," alisema mwishowe. "Lete Jumatatu."

Saa kumi nilifika nyumbani. Wadogo zangu wengine, wanaoniita Yaya kwa kuwa ni dada yao mkubwa, walinizunguka. "Yaya, uliiona meli?"

"Haipo. Waliianza, wakaivunja."

"Sasa waliianzia nini?"

Mpaka leo sijui. Nilichojifunza ni kwamba hata swali la mtu wa mwaka wa tano linaweza kusimama mbele ya mwalimu.

Jumatatu Neema alipiga simu: kazi imepokelewa. Nilimwambia asikate kabla hajanisomea chuma kilienda wapi.