Machungwa ya Wifi

Wasaidizi wa maabara ya utafiti wa tabia pale chuoni walimwita meneja wao Bi Mashaka. Mwenyewe alijua, wala hakukasirika, maana kazi ndiyo iliyomfunza. Kutwa kucha aliwaingiza watu katika chumba cha kioo, akawadanganya bila kupepesa macho jinsi utafiti ulivyotaka, na mwisho akawakalisha, akawaeleza ukweli na kuwaomba radhi. Anayedanganya kwa mshahara atamwamini nani? Hata mumewe akisema kichwa kinamuuma, huulizwa: kati ya moja na saba, kinauma kiasi gani?

Mwaka huo walichunguza wema. Mshiriki aliketi na mtu aliyemdhania mshiriki mwenziwe, kumbe ni wa maabara. Huyo huangusha rundo la karatasi, nao watafiti nyuma ya kioo hutazama kama atasaidiwa. Mwangushaji alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe aliyeishi nao, ambaye Bi Mashaka mwenyewe ndiye aliyemtafutia kibarua hicho. Walipendana. Ukweni kote ni wifi peke yake aliyemtetea siku mama mkwe aliposema kwamba huyu mke anatuchunguza kama panya wa maabara.

Kisha mambo yakaenda mrama. Washiriki wakaanza kusaidia upesi mno, tena kwa tabasamu. Mmoja aliinama kabla karatasi hazijadondoka. Siri ilikuwa imevuja, na profesa akasema wazi kwamba hali ikiendelea hivyo utafiti utafungwa na mkataba wa meneja hautaongezwa.

Bi Mashaka hakumfikiria mwingine. Wifi alikuwa na mdomo, habari ya aliyeachwa au kuolewa mtaani haikumpita. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akatega mtego. Alimwita pembeni akamnong'oneza kwamba kuanzia Jumatatu wataangusha mfuko wa machungwa, asimwambie mtu. Hata machungwa aliyanunua. Jumatatu ilipofika akamwambia mpango umeahirishwa, aendelee na karatasi, kisha akasimama nyuma ya kioo kuona nani atayatafuta machungwa kwa macho.

Hakuna aliyeyatafuta. Badala ya kufurahi, akamshuku zaidi: huenda kaunusa mtego. Nyumbani wifi akicheka kwenye simu, Bi Mashaka hupunguza sauti ya redio asikilize.

Siku moja koo lilimkauka, akamwachia msaidizi kazi ya kumweleza ukweli mshiriki aliyemaliza. Yeye akaenda kupumzika kwenye benchi la wanaosubiri zamu. Kupitia ukuta wa mbao akasikia kila neno: yule dada ni mwenzetu, karatasi aliziangusha makusudi. Pembeni yake washiriki wawili waliosubiri walikuwa wakikonyezana. Aibu ilimshika hadi masikio yakamwaka moto. Miezi yote hiyo mtangazaji wa siri alikuwa yeye, tena kwa sauti ya mwalimu wa chekechea.

Benchi likahamishwa, utafiti ukapona, mkataba ukaongezwa. Profesa alimsifu. Kwa wifi hakusema kitu, alipeleka machungwa nyumbani wakayala wote.

Baada ya siku kadhaa wifi akaingia ofisini, akafunga mlango.

"Wifi, yale machungwa yalikuwa ya kunipima mimi?"

Bi Mashaka alitafuta uongo wa haraka, akaukosa. Akaitikia kwa kichwa.

"Nilijua tangu Jumatatu ile. Nikasema acha ningoje. Watu baki ukishawadanganya unawakalisha, unawaeleza, unawaomba radhi. Na mimi zamu yangu itafika."

"Nisamehe, wifi yangu. Nilikukosea. Kaa basi nikueleze."

Wifi hakukaa. Alivua kitambulisho cha maabara shingoni akakiweka juu ya meza.

"Kila mshiriki unamwambia ana haki ya kujitoa muda wowote, na haulizwi chochote. Basi na mimi najitoa."

Bi Mashaka alitaka sana kujua kama anajitoa kazini tu au na kwake pia, lakini kuuliza hakuruhusiwi.