Jicho la Mnara na Jicho la Meza

Watu walimwita Fundi Kunusa, na yeye hakuona ubaya. Ukimpelekea saa iliyogoma, kwanza aliipandisha miwani yake minene hadi kwenye paji la uso, kisha akaisogeza saa chini ya pua. Mgeni angedhani anainusa. Kumbe hapo karibu na pua ndipo macho yake yalipoona vizuri kuliko mahali pengine popote. Skrubu ndogo kama punje ya mchanga aliiona bila kioo cha kukuzia, na mafundi wenzake waliobana kioo hicho jichoni aliwacheka waziwazi. Mbali ilikuwa habari nyingine kabisa. Bila miwani, mkewe akisimama mlangoni hakujua yupi mke, upi mlango.

Mwisho wa mtaa wao palikuwa na shule yenye saa kubwa juu ya mnara, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitunza. Alipanda ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani kwa nje, akapaka mafuta, akarekebisha mishale, akashuka. Kazi ile aliipenda kupita kiasi, maana saa za mezani zilikuwa za watu, lakini ile ya mnarani aliiona yake. Mtu akimwuliza saa ngapi, aliuonyesha mnara kwa kidevu bila kusema neno. Maringo hayo tulimsamehe, kwa sababu saa yenyewe haikukosea.

Siku moja manyunyu yalimkuta juu. Alipofuta uso, miwani iliteleza ikaenda zake, akaisikia ikipasuka chini. Ngazi yote ikageuka ukungu. Akakikumbatia chuma kwa mikono miwili. Mkewe, ambaye ni mshonaji wa sare za shule hiyohiyo, alikuwa darasani akipima watoto mabega. Alitoka mbio, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, akasimama chini ya ngazi.

"Mume wangu, nisikilize mimi tu," alisema. "Mguu wa kushoto. Shusha. Bado kidogo. Hapohapo, kanyaga."

Alimshusha hivyo kwa sauti, kidato baada ya kidato, mpaka viatu vikagusa ardhi.

"Hukuogopa?" fundi alimwuliza, jasho likimtiririka.

"Niogope nini? Mtu mzima anashuka ngazi."

Mkuu wa shule naye alikuwa ameshuhudia yote. Alisema kwa upole, lakini alisema: fundi hatapanda tena kwa macho yale, na shule ikifunguliwa muhula ujao hali ikiwa hivyo, saa itapewa mtu mwingine. Usiku huo Fundi Kunusa hakula. Asubuhi akatangaza kwamba anakwenda kupigwa leza ya macho, na miwani iende kuzimu.

Kliniki walimkalisha mbele ya mashine moja baada ya nyingine, kidevu juu ya kiegemeo, wakapiga picha na kupima unene wa ule utando wa mbele ya jicho, maana mwembamba mno haukatwi. Walimtia matone yaliyomfanya akunje uso kila alipotazama dirisha. Macho yakaonekana yanafaa. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, akamwuliza, "Na karibu unaonaje? Ukifanya kazi za mikono unavaa miwani?"

Hapo ndipo mtu wetu alipoharibu. Alikaa kama aliyekwenda kuomba ajira, akaogopa kwamba akisema anaona vizuri bila miwani ataambiwa hana ugonjwa, arudi nyumbani.

"Muda wote, Daktari," akajibu. "Siivui hata dakika."

Mkewe, aliyemsindikiza, aliguna. "Muongo huyu! Daktari, usimsikilize. Akishika saa lazima avue miwani. Mtaa mzima unamwita Kunusa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Afadhali umesema, dada yangu. Fundi, nikiyasahihisha macho yote mawili yaone mbali, kwa umri wako huu, uonaji wa karibu na pua utaondoka. Mnara utauona. Saa ya mkononi itakuwa ukungu mpaka uvae miwani ya kusomea."

Fundi alikuja kuokoa saa moja, na nusura azipoteze nyingine zote. Aliogopa kweli siku hiyo, zaidi ya alivyoogopa ngazini.

"Basi nirudi nyumbani?"

"Hapana. La kulia tulifanye la mbali. La kushoto tulisahihishe kidogo tu, libaki na kazi ya karibu. Ubongo utajifunza kuchagua. Wapo wanaozoea na wapo wanaoshindwa, ndiyo maana utajaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa juu ya mboni."

Alizijaribu nyumbani. Siku za mwanzo alipiga mateke stuli na kumimina chai nje ya kikombe, mkewe akafuta meza bila kusema, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha taratibu ukungu ukajipanga. Akazivua lenzi, akayapumzisha macho kama alivyoagizwa, akapimwa upya.

Siku yenyewe walimlaza chali akiwa macho kabisa. Matone ya ganzi, kisha kidude cha kushikilia kope ili asipepese. Jicho likabanwa, dunia ikawa giza kwa muda mfupi. Daktari akamwambia atazame taa ndogo ya kijani na asiiache. Mashine ikaanza kutatarika, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikamfikia.

"Hiyo harufu ni ya kawaida, usiijali," daktari alisema.

"Daktari, mimi kunusa ndiyo kazi yangu."

"Basi nusa bila kutikisika."

Alipoinuka aliambiwa yamekwisha, na hakuamini. Alidhani ndiyo kwanza wanaanza. Nyumbani macho yaliwaka kama yamekatiwa vitunguu, machozi hayakukatika hadi usingizi ulipomchukua, vikinga vya plastiki vikiwa vimebandikwa usoni asije akajifikicha. Asubuhi alivivua, akaiona misumari ya paa moja moja. Akalia kidogo, na hakusingizia dawa.

Si kwamba yote yalinyooka. Kwa majuma kadhaa taa za usiku zilivaa pete za mwanga, macho yakakauka, chupa ya matone ikawa haimtoki mfukoni. Na zile skrubu ndogo kabisa zilimshinda. Ilibidi anunue kioo cha kukuzia, na wenzake wakamcheka mpaka deni lote likaisha.

Daktari aliporidhika na mkuu wa shule akakubali, fundi alirudi mnarani kabla ya muhula kufunguliwa, safari hii na mkanda wa usalama kiunoni. Mkewe alikuja kushika ngazi, ingawa ngazi ile imefungwa ukutani na haihitaji kushikwa. Alipanda, akapaka mafuta, akaweka mishale sawa. Kisha akatazama chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kuthubutu. Miwani ilimkataza kuinama.

Alimwona mkewe wazi, utepe shingoni, mikono miwili imekwama kwenye chuma, macho ameyafumba kwa nguvu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Fundi hakuhitaji kusikia. Mguu wa kushoto. Shusha. Bado kidogo.

Akajua kwamba siku ile mkewe alikuwa ameogopa kupita yeye.

"Mama watoto!"

"Nini?" Macho bado yamefumbwa.

"Fumbua macho."

"Nani kakwambia nimefumba?"

"Nakuona."

Aliyafumbua. Akamtazama mumewe kule juu, akajifuta mashavu kwa ncha ya utepe. "Basi shuka," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. "Polepole."

Alishuka polepole, na kila alipofika kidato alimtazama tena.