Upekecho wa Alamelu

Katika mtaa wao wa Madurai, mwanamke akishika mimba alijua uji wake utatoka wapi. Alamelu alikaanga ulezi na dengu mwenyewe, akasaga, akatia iliki, kisha akamimina sukari guru bila uchoyo. Watoto wa mtaa mzima, kwa maneno yake, walijengwa na mkono wake. Kujisifu alijisifu, na haki alikuwa nayo.

Basi mkaza mwanawe, Yazhini, alipopimwa akaonekana ana kisukari cha mimba, Alamelu aliona katukanwa yeye. Kliniki ilimkataza Yazhini uji ule, ikampa kopo la unga lishe usio na sukari, akoroge kwenye maji. Unga wenyewe ulinuka chaki. Yazhini aliunywa machozi yakimlengalenga, na Alamelu hakuweza kuvumilia. Akawa anautilia kipande cha sukari guru. Sukari nyeupe asingethubutu, hakuwa mjinga. Lakini sukari guru kwao ni dawa, hata aliyetoka kujifungua hupewa.

Vipimo vikapanda. Nesi akamjia juu Yazhini: anakula vitamu kwa siri, anataka kuchomwa sindano kila siku, anataka mtoto anenepe hadi ashindwe kutoka? Yazhini aliinamisha kichwa, hakumtaja mtu. Alamelu, aliyesimama nyuma yake, akasogea mbele.

"Nesi, sukari guru nayo ni sukari?"

"Ikishaingia kwenye damu, mama, ni ile ile."

"Basi mgombeze mwenye kosa. Niliyemtilia ni mimi."

Wakarudi nyumbani. Haya ilimshika, lakini hasira ilizidi, na hasira ya Alamelu huishia jikoni. Alishika upekecho, akapiga mtindi, akauzimua kwa maji, akatia chumvi, tangawizi na giligilani, halafu akakoroga ule unga humo. Ukatoka madonge. Akamwaga, akaanza upya, akamwaga tena, mpaka siku Yazhini alipomaliza bilauri akairudisha aongezwe. Kwa mtindi huo, na chakula walichopangiwa, na kutembea jioni, vipimo vikashuka. Nesi alionja, akauliza unatengenezwaje.

Ikafika siku ya bangili. Siku hiyo wanawake humvisha mja mzito bangili za kioo, kila mmoja humlisha kitu kitamu, kisha mama yake humchukua akajifungulie kwao. Pechiammal, wifi yake Alamelu, alikuja na sinia la laddu, vitufe vyake vya sukari na samli vinavyosifika, akanyanyua moja kuipeleka mdomoni kwa Yazhini.

Alamelu akasimama katikati. "Bangili mvishe. Hiyo nipe mimi."

Watu wakatazamana. Kumnyima mja mzito kitamu siku ile ni kuita nuksi.

"Makubwa haya," alisema Pechiammal. "Malkia wa sukari guru leo anaogopa laddu?"

"Naogopa, ndiyo. Nilishamponza kwa mkono huu huu. Sitakaa nimtazame mwingine akimponza." Akamwekea bilauri ya mtindi ule mkononi. "Mnyweshe hii."

Pechiammal alinung'unika kwamba mtoto atazaliwa amekunja uso. Akaonja kwanza yeye, kisha akamnywesha Yazhini. Wengine wakafuata.

Jioni gari la wakwe lilikuwa mlangoni. Alamelu akamkabidhi mama yake Yazhini kopo la unga, akamweleza namna ya kupiga mtindi. Yazhini akagoma kupanda.

"Mama yangu atautia madonge," alimwambia Alamelu, bangili zikilia mikononi. "Twende wote, mama."

Pechiammal alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini mama mkwe akamfuata mkwe hadi kwao? Haijapata kutokea. Mama yake Yazhini hakucheka; aliingia garini, akasogea kwenye kiti cha nyuma, akaacha nafasi.

Alamelu akajibu kwamba basi itatokea leo. Akaingia ndani, akatoka kichwa juu, amekumbatia chungu na upekecho wake, akaenda kukaa kiti cha mbele, penye dirisha, ili mtaa mzima umwone.