Sihaba na Programu Isiyoiva

Mwaka ule mafuriko yalipochelewa kuondoka kijijini Mkongo, Sihaba alikuwa binti mdogo akimfuata mama yake bondeni. Walipoletewa mbegu ngeni ya mpunga, mama aliipanda pembeni, ikiwa peke yake. “Ngeni haichanganywi na ya kwetu mpaka tuijue tabia,” alisema.

Alipokua, Sihaba alichapa barua na mitihani ya shule katika duka la mjomba wake, Abdulatifu, pale Kibiti, kwa kompyuta moja iliyotumia mfumo wa Linux. Mwaka 2004 rafiki yake aliyekuwa Dar es Salaam alimpelekea programu ya kuandikia kwa Kiswahili, ili aijaribu kabla haijatolewa kwa watu.

“Ukiiweka hiyo, utoke dukani kwangu,” mjomba alionya. “Mashine ikifa, tutakula nini?”

“Haitakufa, mjomba. Na nitaiweka mchana, ukiniona.”

Alichomoa ndani ya kompyuta diski yenye kazi za watu, akaifungia kabatini. Akachomeka diski yake kuukuu, akaweka Linux upya, kisha ile programu. Akaanza kuandika; ukurasa wa pili haujaisha, kioo kikaganda.

“Haya, bingwa! Umeua!”

“Bora igande kwangu kuliko kwa wenzangu,” Sihaba alicheka, akiandika namna ilivyoganda.

Akairudisha diski ya kazi. Mitihani yote ilikuwamo, salama. Hata hivyo mjomba alimtaka aape kutorudia. Sihaba akakataa, akachukua diski yake, akaondoka.

Habari yake ya mwisho ilitoka kijiji cha Bungu: aliwatumia watengenezaji wa programu taarifa ya kasoro ile, akaomba toleo linalofuata.