Maji ya Kwanza ya Kwenye Kona

Wiki iliyopita kazi ilinirudisha Sibwesa. Mimi na mwenzangu tulitumwa kutoka Mpanda mjini kukagua mto wa kijiji, maana kuna mtu anachimba changarawe pale, na sasa ameomba ruhusa matipa yake yasogee juu zaidi, hadi kwenye kona, pale mto unapopinda. Basi ndugu yangu, nilipoteremka kwenye gari na kukanyaga ule mchanga wa moto, ukaguzi wote ulinitoka kichwani. Nilikuwa mjukuu wa bibi tena, na ndoo yangu mkononi.

Unaijua mito yetu. Kiangazi kikikolea maji yanazama, unabaki mchanga mtupu, na mgeni akipita atasema mto umekufa. Sisi tulijua yapo chini, yamejificha. Asubuhi bibi alikuwa akinipeleka kwenye kona, tunapiga magoti na kufukua kwa mikono mpaka bega linaingia shimoni. Halafu tunakaa kusubiri. Hapo ndipo anapofungua pindo la khanga na kutoa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tunatafuna taratibu huku njiwa wakilia ng'ambo. Nikichungulia shimoni kila mara ananifinya.

"Acha kuyakimbiza. Yanakuja."

Na kweli yalikuja. Kwanza changarawe inalowa tu, kisha maji yanakusanyika, rangi yake kama chai ya maziwa. Mimi kiu imenishika na kata ya kuchotea ninayo tayari, lakini bibi hataki kusikia. Maji ya kwanza yanachotwa na kumwagwa mchangani. "Hayo si yako, ni ya mto," alikuwa anasema. Ndipo yanakuja ya pili, safi, ya baridi, yenye ladha ya mawe. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale, hata haya ya chupa.

Jirani yetu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini, alikuwa akituona anacheka mpaka anashika mbavu. "Bibi wee, nyie mto nao mnaulipa kodi?" Bibi anamjibu kwamba afadhali sisi, ng'ombe wake wanakunywa bila hata kusema asante. Ulikuwa utani tu. Jioni maziwa ya mgando yalikuja kwetu, na matobolwa yalikwenda kwake. Walikuwa wameshakubaliana zamani: watu wachote juu, ng'ombe wanywe chini, na kila shimo lifunikwe kwa miiba.

Kule chini kwa ng'ombe sasa ni mashimo matupu ya wachimba changarawe. Kingo zimeporomoka na mizizi ya miti inaning'inia. Tulipima, tukapiga picha, tukafukua, na mchanga ulikuwa mkavu hadi kwenye mwamba. Tulipopanda kuelekea kwenye kona nilitangulia kwa haraka. Kina mama wa kijiji bado wanachota pale kila kiangazi. Kama mwaka huu nako kumekauka, tungezuia matipa kwa hoja gani?

Yule jirani mfugaji alitusindikiza, mzee sasa, anatembelea fimbo. Nilipiga magoti na nguo zangu za ofisini nikaanza kufukua. Bega liliingia shimoni, maji hakuna. Kina mama waliokuja na ndoo zao wakasogea kuchungulia. Mwenzangu akatazama saa, akasema labda turudi.

"Tulia, mwanangu," mzee akamwambia. "Yanakuja."

Changarawe ikalowa. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Maji yalipokusanyika, mwenzangu, ambaye jua lilikuwa limemmaliza, aliinama na kikombe chake. Mzee akakizuia kwa fimbo.

"Hapana. Hayo ya kwanza ni ya mto."

Akainama mwenyewe kwa shida, akayachota, akayamwaga mchangani taratibu. Hakucheka hata kidogo.

Taarifa yetu itasema kona isiguswe, mashimo ya chini yafukiwe, na changarawe ikatafutwe mbali na mto. Nina matumaini itasikilizwa, maana wote tuliokuwepo tuliyaona yale maji. Mambo mengine ndiyo yamekwenda. Kata imekuwa kikombe cha plastiki, njiwa sikuwasikia, na bibi tulimzika zamani. Nilikuwa nadhani desturi yake ile niliibeba mimi peke yangu kwenda nayo mjini, kumbe aliyekuwa akiicheka ndiye aliyeitunza.

Maji ya pili tuliyanywa wote. Bado yana ladha ya mawe.